Il trovatore: je, Azucena alikusudia Manrico auawe?

Muulizaji:
Habari zenu, wapenzi wa opera. Katika Il trovatore ya Giuseppe Verdi, iliyooneshwa mara ya kwanza mjini Roma mwaka 1853, Manrico na Conte di Luna (conte ni cheo cha kikabaila) wanamgombea Leonora bila kujua kwamba wao ni ndugu wa damu. Azucena, aliyemlea Manrico kama mwanawe, anaijua siri hiyo miaka yote, lakini anaitamka Manrico akiwa ameshauawa. Je, alimlea ili aje kumtoa kafara kwa kisasi cha mama yake?

Mchangiaji wa kwanza:
Naona ndivyo. Katika sehemu ya pili Manrico anasimulia jinsi alivyomwangusha Conte kwa upanga, kisha akazuiwa na sauti kama ya kutoka mbinguni asimmalize. Azucena anamtaka siku nyingine azamishe upanga hadi mpini. Anamtuma ndugu akamuue ndugu yake, naye anajua. Tena kauli yake ya mwisho ni kumwambia mama yake, aliyechomwa moto na baba wa Conte, kwamba kisasi kimelipwa.

Mchangiaji wa pili:
Ndugu, hayo yanathibitisha kwamba alitaka Conte afe, si Manrico. Zisikilize tena dakika za mwisho gerezani: Leonora ameshakufa kwa sumu, Azucena anazinduka usingizini, anauliza mwanawe yuko wapi, na akiambiwa kwamba anapelekwa kuuawa anapaza sauti akimsihi Conte asimame amsikilize. Conte hampi nafasi, anamburura hadi dirishani ashuhudie. Siri ilichelewa kwa sababu alinyimwa muda wa kuisema. Pia, Manrico alipoanguka vitani, ni Azucena aliyekwenda usiku kumtafuta amzike, akamkuta bado anapumua, akamuuguza hadi akapona. Mwenye nia ya kumtoa kafara asingehangaika hivyo. Verdi mwenyewe, akimwandikia Cammarano, mtunzi wa maneno ya opera hii, alisisitiza kwamba mwanamke huyu anatawaliwa na mapenzi mawili makubwa, ya mama yake na ya mwanawe.

Muulizaji:
Nashukuru. Lakini mbona alinyamaza alipokamatwa na Conte katika sehemu ya tatu, wakati Manrico alikuwa bado huru?

Mchangiaji wa pili:
Wakati huo Manrico hakuwa mikononi mwa Conte, hivyo Azucena alimwita aje kumwokoa. Kufichua siri kungekuwa kumpoteza mwana aliyebaki naye, kwa kuwa wake wa kumzaa alimtupa motoni kwa mikono yake, akidhani ni mtoto wa adui, yaani Manrico mwenyewe.