Gari la umeme safari ya kilomita 700, inawezekana bila kuteseka?

Wakuu habari zenu. Gari langu betri yake inabeba umeme wa kilowati saa 60, mizunguko ya kila siku halinipi shida hata kidogo, nachaji usiku asubuhi natoka limejaa. Sasa nataka kwenda nalo kilomita 700 na watoto wawili na mizigo. Waliniuzia wakasema linaenda 400 ila nikiingia barabara kuu chaji inashuka vibaya. Betri imeanza kuchoka au?

Jibu: Betri yako nzima mkuu, tatizo ni mwendo. Ukitoka kilomita 100 kwa saa ukaenda 120 upepo unakukinza zaidi kwa asilimia 44, na barabara kuu hukanyagi breki sana kwa hiyo umeme unaorudi kwenye betri gari linapopunguza mwendo ni kidogo mno sio kama mjini. Gari la saizi hiyo kwa 100 linakula kama kilowati saa 18 kila kilomita 100, kwa 120 linafika 22 au zaidi. Ukipiga hesabu ya kutoka umejaza, njiani kuchaji mpaka asilimia 80 na kutoshuka chini ya asilimia 10, kwa 100 unasimama kuchaji mara mbili tu, kwa 120 lazima mara tatu, yani sehemu kubwa ya ule muda uliookoa kwa kukimbia unaenda kuimalizia kwenye chaja.

Jibu: Naongezea, njiani usijaze mpaka asilimia 100. Ikifika 80 gari lenyewe linapunguza kasi ya kuchaji ili kulinda betri, hiyo 20 ya mwisho inaweza kukuweka karibu sawa na 70 yote ya kabla yake. Chomoa uondoke.

Jibu: Na usipange kufika kwenye chaja ukiwa umeisha jamani, mimi nilifika na asilimia 6 nikakuta chaja ya fasta ni moja na imekufa, nikalala nimechomeka soketi ya kawaida, masaa 10 mazima napata kama kilowati saa 20. Chagua vituo vyenye chaja kadhaa, na ubaki na chaji ya kufika kituo kinachofuata.

Muulizaji: Nashukuru sana, nitaenda na 100. AC nizime?

Jibu: Usiwatese watoto mkuu. Gari likishapoa AC inavuta kama kilowati 1, mota kwa mwendo huo inavuta 18. Washa.