Naomba ushauri: mkate wa kukunja wa Pasaka unatoka mbichi katikati, na Jumamosi ndiyo siku yenyewe

MwanaUnguja (Jumatano usiku)
Habari zenu ndugu zangu. Niko Napoli mwaka wa nne sasa, namtunza bibi wa Kiitaliano wa miaka 88. Pasaka hii anataka nimpikie casatiello, mkate wa chumvi wa kwao. Unga unasukumwa kama chapati kubwa, unatandazwa nyama na jibini, unakunjwa kama mkeka, kisha ncha mbili zinaunganishwa uwe duara ndani ya trei yenye tundu katikati. Juu yanapachikwa mayai mabichi na maganda yake, kila yai linafungwa kwa vipande viwili vya unga vilivyopishana. Yeye mikono ina ganzi, hawezi tena kukanda.

Nimejaribu mara mbili. Nje rangi nzuri, harufu nyumba nzima. Nikikata, katikati unga umelala, unang'ang'ania kisu, na kati ya mkunjo na mkunjo pana uwazi wa kuingiza kidole. Watoto wake wanafika Jumamosi kutoka Milano. Usingizi sipati. Nakosea wapi?

Mama Wawili
Pole mdogo wangu. Oveni za watu hizo! Mimi nilikuwa Dubai, oveni ya bosi haina namba, ina vidoti tu. Nikaunguza keki ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe, wageni wako mlangoni. Nililia chooni nimefungulia bomba wasinisikie. Mwezi ule ule nikarudi nyumbani. Ukiweza omba ruhusa hiyo Jumamosi.

Mzee Kilua
Mayai na maganda juu ya mkate? Huo mkate umeokwa pamoja na kiota chake.

FundiTanuri
Dada, nimeoka mikate hotelini miaka kumi na moja. Taja vipimo. Unga kiasi gani, maji, mafuta gani, jibini gani, moto kiasi gani?

MwanaUnguja
Unga gramu 600, maji 350, hamira kavu kijiko cha chai, mafuta ya kawaida gramu 150, jibini ya kawaida. Moto digrii 200, dakika 40. Nahisi tatizo ni oveni, ni ya zamani.

FundiTanuri
Mafuta ya kawaida ndiyo mafuta gani? Mkate huo ninavyoujua unatiwa mafuta ya nguruwe yaliyoganda.

MwanaUnguja
Kaka yangu, naomba tuzungumzie oveni kwanza.

FundiTanuri
Mficha uchi hazai, dada. Umetia nini kwenye unga?

MwanaUnguja (Alhamisi alfajiri)
Haya. Mimi ni Mwislamu. Nguruwe sili na sitaki kumshika. Nimetia mafuta ya zeituni. Salami, ile soseji kavu ya nguruwe, nimeiacha, nimeweka bresaola, ile nyama ya ng'ombe iliyokaushwa. Jibini ni mozzarella, ile inayouzwa ikiwa ndani ya maji. Bibi hajui. Macho yake hayaoni vizuri na sokoni nakwenda mimi. Lakini sijamdanganya, hajaniuliza. Na vitu vyote nimeshanunua, siwezi kutupa pesa. Naomba msinihukumu, nisaidieni mkate uive.

Sharifu M
Dada, hiyo bresaola kaichinja nani? Ng'ombe peke yake hatoshi. Na hayo mafuta ya nguruwe kama yaliwahi kukugusa, sisi wa Shafii tunaosha mara saba, moja kwa udongo. Halafu kumlisha mtu kitu asichokijua ni jambo la amana. Kalifikirie.

Neema wa Iringa
Mimi naona huruma kwa huyo bibi. Miaka 88, huenda ndiyo Pasaka yake ya mwisho. Marehemu nyanya yangu alitamani ugali wa ulezi siku tatu kabla hajaondoka, sisi tukampa wa mahindi kwa sababu ulezi ulikuwa mbali. Mpaka leo nikiona ulezi nakosa raha. Muombe jirani amkandie wa kwake wa haki.

Kisu Kikali
Samahani, mimi nasoma hiki kisa kinanikaba. Bibi haoni, watoto wako Milano, Mwislamu na mkate wa Pasaka, na kila kitu lazima kiwe Jumamosi. Kimekaa vizuri mno. Mwaka juzi tuliletewa hapa kisa cha mzee wa Ugiriki aliyelazwa, watu wakachanga. Subirini, kesho mtawekewa namba ya kutumia pesa.

Mzee Kilua
Hata mimi nilikuwa najiuliza. Mkate gani una mayai mabichi?

Mnapoli wa Tandale
Mkate upo, Mzee. Niko Napoli. Casatiello una mayai juu na maganda yake. Mayai yakichemshwa yakatiwa ndani, wanauita tortano. Na mtu mzito, mchoshi, asiyebanduka, huku wanamwita casatiello, maana tumboni unakaa siku mbili. Lakini dada, na mimi nakuuliza: bibi akiushika unga anasemaje?

MwanaUnguja
Anabonyeza kwa kifundo cha kidole cha kati. Kishimo kisiporudi vizuri anasema "adda crescere", bado uumuke, halafu ananionyesha kiti nikae. Trei yake ni ya alumini, imebonyea upande mmoja. Naikunjia karatasi ya jikoni ya kung'aa naitia chini isiegemee. Yale mafuta ya nguruwe anayaita sugna, alikuwa akiyayeyusha mwenyewe wakati mumewe yuko hai. Sijaomba shilingi ya mtu hapa. Nimeomba mkate uive.

Kisu Kikali
Nimekusoma. Nisamehe dada. Yule wa Ugiriki aliondoka na elfu hamsini yangu, tangu hapo moyo wangu mgumu.

FundiTanuri
Sasa tuongee. Sugna imeganda, mafuta ya zeituni ni ya majimaji. Ukiyapaka kabla ya kukunja, tabaka zinateleza, hazishikani. Halafu mozzarella ikipata moto inamwaga maji, yale maji yanakuwa mvuke, mvuke unapanua uwazi, unga ulio jirani yake unabaki mbichi. Na digrii 200 inakupa rangi nje kabla moto haujafika ndani. Oveni haina kosa.

Tumia samli. Imeganda na haina maji, tena hiyo umezaliwa unaijua. Gramu 100 ndani ya unga, 20 ya kupaka, ukungu tu. Maji punguza yawe 330. Mozzarella kula na nyanya, kwenye mkate tia jibini ngumu, provolone iliyokomaa na pecorino. Kunja kwa kubana. Oka digrii 180 saa moja, ukiwa na kipimajoto katikati isome 94 hivi. Na usikate ungali moto! Mkate wa mafuta ukikatwa moto unaonekana mbichi hata kama umeiva. Subiri saa mbili.

Mnapoli wa Tandale
Samli iko kwenye maduka ya Wabangladeshi karibu na Piazza Garibaldi. Bucha za halali ziko huko huko, mtafutie nyama iliyokaushwa, hiyo bresaola mpe paka wa jirani.

Mama Wawili
Na bibi mwambie. Mimi laiti ningesema mapema kwamba oveni siijui.

MwanaUnguja
Samli nitanunua kesho. Kumwambia, nitamwambia wakishakula. Akikataa sasa hivi nitafanyaje?

Neema wa Iringa
Akishakula umemwambia nini? Umempa habari tu.

MwanaUnguja (Jumamosi usiku)
Nimemwambia jana, nikimsugua miguu. Alinyamaza muda mrefu. Akasema basi usiuite casatiello, uite mkate wako. Kisha akauliza samli ni kitu gani. Nikamletea kijiko. Akanusa, akalamba, akasema mumewe angeipenda. Akataka nisage pilipili manga mbele yake, akanishika kiwiko, nisiache mpaka aseme yeye.

Unga umelala usiku kucha. Leo mkate umetoka ovenini saa tano, nimeufunika kitambaa, nimekaa nautazama hadi saa saba. Kisu kimetoka kikavu. Mikunjo imeshikana, jibini imekaa mistari mistari kama kuni iliyopasuliwa. Mwanawe wa kiume kauliza salami iko wapi, bibi kamwambia ale anyamaze.

Kaka Fundi, Mungu akulipe.

Mama Wawili
Machozi yamenitoka. Weka vipimo vyote pamoja, wanangu wananidai.

MwanaUnguja
Unga 600, maji 330, hamira kavu kijiko cha chai, chumvi vijiko viwili vya chai, samli 120, nyama kavu ya halali 150, provolone 150, pecorino ya kukwaruza 80, mayai manne ya juu, yaoshwe. Pilipili manga sikupima, alikuwa amenishika mkono.