Intaneti ya kupiga simu kwenye Linux: anayeanza anateswa bure

Wakuu, hili limenichosha. Kila anayeuliza namna ya kuunganisha modemu ya simu anajibiwa "weka wvdial (programu ya kupigia simu kwa modemu), ni rahisi". Aitoe wapi? Mifumo mingi haiji nayo, na kuipakua kunataka intaneti, ambayo ndiyo anayoihangaikia. Wekeni wvdial na wvstreams (maktaba inayoitegemea) ndani ya diski ya kusakinishia, kwisha.

Haya, tuseme kaipata. Anaandika `sudo wvdialconf /etc/wvdial.conf`, amri inayotafuta modemu na kuandika faili la mipangilio (sudo ni kuiendesha kwa mamlaka ya msimamizi). Modemu ya nje ya siriali itaonekana kwenye /dev/ttyS0, ya USB mara nyingi /dev/ttyACM0. Lakini akiwa na ile kadi ya ndani inayoachia prosesa na draiva ya Windows kazi yote, ataambiwa hakuna modemu, kisha aulizwe kama aliipanga vizuri kwa setserial, amri ya kupanga milango ya siriali! Mgeni aijulie wapi setserial? Mwambieni wazi: kadi hiyo inataka draiva yake maalumu, na isipopatikana atafute modemu ya nje.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni hilo faili la /etc/wvdial.conf lenyewe. Mistari ya Phone, Username na Password inaandikwa ikiwa imetanguliwa na nukta mkato (;), yaani imezimwa. Mtu anajaza namba yake vizuri kabisa, anaiacha ile nukta mkato, anapiga, anaambiwa hakuna namba sahihi ya simu. Anaitazama namba iko palepale! Programu imeshajua mlango, kasi na amri za kuamshia modemu. Inashindwaje kuuliza vitu vitatu vilivyobaki? pppconfig ya Debian inauliza, tena kwa menyu, halafu unapiga kwa `pon` na kukata kwa `poff`. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Yakitokea NO DIALTONE (modemu haikusikia mlio wa laini) ilhali ukiinua simu mlio unasikika vizuri, ongeza X3 kwenye mstari wa Init (`ATX3`) ili modemu isisubiri mlio. Laini ikipitia ubao wa simu wa ofisi, tanguliza tarakimu ya kutokea nje na mkato, mfano `9,`. Mkato unaipa modemu nafasi ya kupumua. Ikiunganika ikakatika wakati wa kuingiza jina, jaribu `Stupid Mode = 1` ("hali ya kijinga"). Ndiyo, hilo ndilo jina walilompa mgeni.

Imeunganika lakini kurasa hazifunguki? `ping 8.8.8.8`. Ikijibu, tatizo ni DNS (huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba): hakikisha `usepeerdns` ipo kwenye /etc/ppp/peers/wvdial. Isipojibu, tazama `ip route`. Mara nyingi njia kuu bado inaelekea kadi ya mtandao, na pppd (programu inayoendesha muunganisho wa simu) haiiondoi yenyewe. `sudo ip route del default`, kisha piga upya.

Na nyie wa "tumia sudo tu": mwingizeni mtu kwenye dialout na dip, vikundi vya watumiaji wanaoruhusiwa kutumia modemu, atoke aingie tena. Kabla ya kumwambia asome mwongozo, mwombeni kwanza abandike alichoandikiwa na wvdial.