Nimechangia damu nikaambiwa nina homa ya ini B, nifanyeje?

kijana_mbagala
Wakuu habari za humu. Juzi nilienda kuchangia damu, leo nimepigiwa simu nirudi, kufika naambiwa nina homa ya ini B. Mimi sina dalili yoyote, macho meupe, nakula, kazi napiga kama kawaida. Wife ana mimba ya miezi saba na mama ameshaanza kunitengea sahani yangu. Hivi inaambukizwaje, na mtoto itakuwaje?

dada_nesi
Pole mdogo wangu. Kwanza mwambie mama sahani hazina shida, kula pamoja na kukumbatiana havileti B, zinazopita kwenye maji na chakula kichafu ni A na E. B inapita kwenye damu, ngono, na mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Wembe, mswaki na mashine ya kunyolea usichangie na mtu, kirusi hiki kinakaa nje ya mwili hata siku 7 na bado kinaambukiza.

Wife apime haraka, na mpaka hapo tumieni kondomu. Akiwa hana, achanjwe dozi 3, chanjo haina shida kwa mjamzito. Akiwa nacho awaambie kliniki sasa hivi maana kuna dawa anaweza kupewa, na mtoto achanjwe ndani ya masaa 24 akizaliwa, msingoje ile ya wiki 6, ulizeni mapema inapatikana wapi. Mtoto akiambukizwa akizaliwa, karibu 9 kati ya 10 kinabaki mwilini, mtu mzima wengi mwili unakitoa wenyewe.

mkulima_kibaigwa
Kukosa dalili ndo kawaida yake ndugu, wengine macho yanakuwa njano na mkojo kama chai ya rangi wakati ini limeshachoka. Pombe acha kabisa, na mahindi au karanga zenye ukungu usile, sumukuvu (sumu ya huo ukungu) ikikutana na B hatari ya kansa ya ini inapanda sana. Huku Dodoma na Manyara 2016 sumukuvu peke yake iliua watu.

kijana_mbagala
Asanteni sana, kesho asubuhi naenda na wife. Kuna dawa ya kuponya? Wengine wananiambia ninywe mitishamba.

dada_nesi
Mitishamba achana nayo, mingine inaumiza ini. Inayopona kwa vidonge ni C. B ikiendelea zaidi ya miezi 6 inahesabika sugu, hapo wanapima wingi wa virusi na hali ya ini ndo wanaamua kama utaanza tenofovir (dawa ya kupunguza virusi), siyo kila mtu anaanzishiwa. Mama na wadogo zako nao wapime, ila waliozaliwa baada ya 2002 angalieni kadi ya kliniki, wengi walishachanjwa.