Naombeni ushauri: kontrola ya DJ, chaneli 2 zinatosha au niende 4?

Wakuu habari zenu. Napiga muziki kwenye sendoff na harusi hapa Dar, saivi niko na kontrola (mashine ya kuchanganyia nyimbo kwa laptopu) DDJ-FLX4 ya chaneli 2, yaani njia mbili za sauti, na kwa Bongo Fleva na amapiano sina neno nayo, inapiga fresh. Shida inaanza usiku watu wakidai singeli, pale unabadilisha nyimbo chapchap na mi nataka chaneli ya tatu niweke biti tupu, ya nne niweke jingo zangu (vipande vifupi vya sauti vya kunitambulisha) na vigelegele vya bibi harusi akiingia. Jingo nazipiga kwenye pedi (vile vitufe vya kugonga) ila siwezi kukata besi ya jingo peke yake, nikigusa tu na wimbo unaathirika.

Sasa kuna muuzaji Kariakoo ananikazania Numark Mixtrack Platinum FX eti ina dekki 4 (sehemu za kupakia na kucheza wimbo). Dekki 4 kweli lakini unahama kwa kubonyeza kitufe, feda za sauti (vile vitelezi vya kupandisha na kushusha) ziko 2 tu, hapo si ni yaleyale jamani? DDJ-FLX6 ndo naona ina feda 4, kila moja na besi yake na trebo yake, ila bei imechangamka na ni pana, kwenye bodaboda sijui.

Maiki ya MC hainisumbui, inaingia kwenye miksa ya spika.

Mliotumia 4 kwenye sherehe, mnazigusa kweli zote au mbili zinakaa pambo? Na laptopu ya ramu GB 8 itahimili dekki 4 bila kukwama?