Shampuu ya koko glukosaidi imegoma kuwa nzito

mama_kipilipili: Habari wadau, nimejitengenezea shampuu ya nywele na mwili kwa kile kitoa povu cha nazi kinaitwa koko glukosaidi, gramu 20 kwenye gramu 100, zilobaki maji na glisarini kidogo. Povu lipo ila imebaki majimaji, nimeongeza chumvi weee wapi, halafu nywele zikikauka zinakuwa ngumu kama fagio. Nakosea wapi jamani?

fundi povu: Dada umepima pH (kipimo cha uasidi na ualkali, 7 ndo katikati)? Hiyo kitu kwenye chupa yake inakuja na pH kama 11 au 12, lazima nywele zifumuke. Yeyusha asidi ya sitriki kwenye maji, tia tone tone huku unapima na karatasi mpaka ifike 5 hivi, afu weka na kihifadhi manake ukishashusha pH bakteria nao wanakaribia.

Bi Mkubwa: Chumvi sahau, glukosaidi haziisikii kabisa. Mi nakoroga zanthani gamu (unga wa kufanya maji yawe mazito) na glisarini kwanza hadi madonge yaishe ndo namimina maji. Gramu 1 ya huo unga kwenye gramu 100 yatosha, ukizidisha inavutika kama makamasi (nishamwaga ndoo nzima mie 😂)

mama_kipilipili: Aisee karatasi imegeuka buluu ya kutisha, kumbe pH iko juu kweli! Na betaini ya nazi (kile kitoa povu kingine) niongeze?

fundi povu: Ongeza, povu litakuwa laini zaidi. Ila ijaribu kwanza mkononi, kuna watu inawaletea mzio japo ni ya nazi.