Mjadala: Mhakiki wa jarida la uchumi wa Kiislamu aendelee kufichwa jina?

Mleta mada

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kuna jambo limenikaa moyoni, naomba tulijadili kwa hoja.

Makala ikifika kwenye jarida la uchumi wa Kiislamu, mhariri ndiye wa kwanza kuisoma. Asipoiona na uzito, inarudi bila kwenda mbali. Akiiona inafaa, jina la mwandishi linaondolewa na makala inapelekwa kwa wahakiki wawili. Wao hawamjui mwandishi, naye hawajui. Kila mmoja anatoa maoni na kusema ichapishwe, irekebishwe au ikataliwe, kisha mhariri anaamua.

Mimi nasema mhakiki aweke jina lake, na maoni yake yachapishwe pamoja na makala.

Mwaka juzi nilipeleka makala kuhusu murabaha, yaani kuuza kwa kutaja gharama na faida unayoongeza juu yake, kwa wauza vifaa vya ujenzi. Nilikaa miezi minane nikisubiri. Mhakiki wa kwanza alinijazia kurasa mbili: sampuli ndogo, jedwali la tatu halisomeki, kipimo cha faida hakikuelezwa. Alinichosha, lakini alinisaidia. Fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, hakuigusa hata kwa neno moja. Wa pili aliandika mistari minne, na uliouma ni huu: "Mwandishi anahalalisha hila," yaani ujanja wa kukwepa katazo la riba. Basi. Makala ikakataliwa.

Nilichokuwa nimeandika ni sehemu fupi kuhusu bai' al-'inah, yaani nakuuzia kitu kwa deni kisha nakinunua kwako papo hapo kwa taslimu pungufu. Imam Shafi'i, ambaye sisi wa pwani tumesomeshwa madhehebu yake tangu chuoni, anatazama dhahiri ya mkataba: kila bei inasimama peke yake. Malik na Ahmad wanaiziba njia hiyo kwa kuwa inaelekea kwenye riba. Malaysia waliwahi kuikubali katika soko lao, wanazuoni wengi wa Ghuba wanaikataa. Hii ni khitilafu ya karne nyingi, na mimi niliieleza kama khitilafu. Sasa mhakiki yule alinikataa kwa sababu ya hoja yangu, au kwa sababu ya madhehebu yake? Sina pa kumuuliza.

Na huko kufichana kwenyewe ni kwa jina tu. Fani hii ni changa. Mkutano wake mkubwa wa kwanza ulifanyika Makka mwaka 1976, jarida la Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz kule Jeddah likaanza 1983, na la taasisi ya utafiti ya Benki ya Maendeleo ya Kiislamu 1993. Wanaoandika humo wanajuana hadi kalamu zao. Hata American Economic Review, jarida kubwa la wachumi wa Marekani, liliacha mwaka 2011 kumficha mwandishi, kwa kuwa mhakiki akitafuta kichwa cha makala mtandaoni jina linatokea. Wao walimfunua mwandishi wakamwacha mhakiki gizani. Mimi naona walifunua upande usio sahihi.

Waislamu sisi tuna elimu ya jarh na ta'dil, yaani kuwapima wapokezi wa hadithi nani aaminiwe na nani asiaminiwe. Mpokezi asiyejulikana riwaya yake haipiti, na anayemkosoa mpokezi tunamjua kwa jina: Yahya bin Ma'in alisema hivi, Abu Hatim alisema vile. Vipi leo tukubali hukumu ya mtu majhuli?

Mchangiaji wa pili

Wa alaykum salaam kaka. Pole kwa makala, lakini dawa yako itaua wadogo.

Mimi nafundisha na nimewahi kuhakiki. Wanazuoni wengi wakubwa wa fani hii wamekaa kwenye bodi za sharia za mabenki. Mwaka 2009 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Sharjah lilitamka kwamba tawarruq ya kupangwa na benki, yaani mteja ananunua bidhaa kwa deni na benki inamuuzia kwa mtu mwingine ili apate taslimu, haijuzu. Mabenki hayakuiacha. Sasa niletewe makala ya kuitetea, iliyoandikwa na sheikh ambaye kesho ndiye atakayesoma ombi langu la kazi. Nikiwa nimefichwa, nitaandika ninachokiamini. Nikilazimika kusaini, nitaandika "makala nzuri, rekebisha tahajia". Niambie nani kafaidika hapo.

Mkosoaji wa hadithi mara nyingi alimpima mtu aliyekwisha kufa. Mimi ninayempima nakutana naye kwenye mkutano unaofuata.

Mchangiaji wa tatu

Mnabishana juu ya jina ilhali tatizo liko kwenye uteuzi. Mhakiki wa kwanza mchumi, hajui fiqhi. Wa pili faqihi, takwimu hazimhusu. Makala imepita mikono miwili na hakuna aliyeisoma nzima. Mhariri angempa kila mmoja maswali ya upande wake kwa maandishi, na awe na wa tatu anayeogelea pande zote mbili. Watu hao ni wachache, najua, ndiyo maana majibu yanachukua miezi.

Mleta mada

Dada yangu, mfano wa ombi la kazi umenishika. British Medical Journal wanawataka wahakiki wasaini tangu 1999, lakini madaktari ni wengi na mtu ana pa kwenda. Sisi tukikosana na mmoja tumekosana na nusu ya fani. Kwa hiyo la kulazimisha jina naliondoa, anayetaka asaini kwa hiari.

La pili, la maoni kuchapishwa, siliondoi, na naongeza jingine. Watu wa hadithi wana kanuni ya jarh mufassar: ukimtia mtu dosari, taja sababu, maana huenda unachokiona wewe ni dosari mwenzio hakioni hivyo. Mhariri akipokea "anahalalisha hila" amrudishie mhakiki: hila ipi, ukurasa gani, kwa kauli ya nani, na wa madhehebu nyingine wanasemaje? Asipojibu, maoni yake yasihesabiwe. Na makala ikichapishwa, maoni yachapishwe nayo, yakiwa na jina au bila jina.

Na kwa ndugu wa tatu: nakubaliana na wewe kuhusu uteuzi. Mhakiki wa kwanza angepewa hata swali moja tu la fiqhi, angelazimika kusema kwamba hapo si mahali pake, na mhariri angejua kwamba sehemu ile yote imeamuliwa na mtu mmoja kwa mistari minne.

Kuna mhariri yeyote humu? Tunaomba atueleze: mhakiki akileta mistari minne, wewe unafanya nini?